Jibu: Ndiyo, behewa linavuka ziwa

Mkuu, umeuliza kama ni kweli behewa la treni linaweza kutoka Mwanza likafika Uganda wakati katikati kuna ziwa. Ni kweli, wala si hadithi za vijiweni. Nenda bandari ya Mwanza Kusini siku MV Umoja ipo gatini: ndani ya meli kuna reli kabisa, na zinaunganishwa na zile za nchi kavu kwa daraja linalopanda na kushuka. Mabehewa yanasukumwa taratibu, mara upande huu mara ule, meli isije ikalala. Yakishafungwa, safari ya Port Bell, bandari ya Uganda.

Linalowezesha yote haya ni upana wa reli. Ile ya zamani, iliyofika Mwanza 1928, ni mita moja, na Uganda ni hivyohivyo, kwa hiyo behewa linashuka ng'ambo na kuendelea na magurudumu yaleyale. SGR, ile reli mpya ya kisasa, ni milimita 1,435. Behewa lake haliingii kwenye reli za meli hiyo ng'o.

Mimi treni ni ugonjwa tangu utoto, nikisikia honi tu chai inapoa. Ila bandarini usipige picha bila ruhusa, watakusumbua.