"Clumsy" si mzembe: neno lililozaliwa na ganzi

SWALI: Ninafasiri hadithi za watoto kutoka Kiingereza. Katika hadithi moja mwandishi anamtambulisha mhusika wake kuwa ni msichana mwema lakini "clumsy". Kamusi nilizo nazo zinanipa "mzembe", "goigoi" na "-zito". Niliandika "msichana mzembe lakini mwema", mhariri akalikata neno hilo bila kunieleza sababu. Asili ya neno hili ni ipi, na Kiswahili chake ni kipi?

JIBU: Mhariri wako amefanya sawa kulikata, ingawa alikuwa na wajibu wa kukueleza. Uzembe kwa Kiswahili ni kosa. Taarifa ya ajali inaposema kuwa chanzo ni uzembe wa dereva, inamtia dereva hatiani, kwa maana aliweza kuchukua tahadhari na hakujali. Goigoi naye ni mtu mlegevu, asiye na hima ya kazi. Mapepe, neno ambalo huenda mwingine angekupendekezea, ni mtu ambaye akili yake haitulii mahali pamoja. Fundi aliyelipua kazi ameifanya haraka ili alipwe aondoke. Karibu kila neno tulilo nalo katika uwanja huu linataja sababu, na pamoja na sababu linaleta lawama. "Clumsy" halitaji sababu. Linasema tu kwamba mikono au miguu ya mtu haimtii ipasavyo. Msichana wa hadithi yako anaweza kuwa mwangalifu kuliko wote nyumbani kwao, na bado kikombe kikamponyoka.

Historia ya neno lenyewe inalieleza jambo hili vizuri. Kwa umbo lake la sasa lilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, lakini nyuma yake kipo kitenzi cha zamani zaidi, "clomsen" au "clumsen", kilichokuwa na maana ya kufa ganzi, hasa kwa baridi. William Langland, mshairi wa karne ya 14, alikitumia katika shairi lake refu la Piers Plowman pale anapomtaja mtu anayekufa ganzi kwa baridi au kunyauka kwa kiu. Wataalamu wa asili za maneno wanakihusisha kitenzi hicho na lugha za Skandinavia, ambazo ziliacha maneno mengi katika Kiingereza baada ya watu wa huko kuhamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Hadi leo katika Kiaislandi "klumsa" ni mtu aliyepigwa na butwaa hata akakosa la kusema, jambo linaloonyesha kwamba ganzi hiyo haikushika vidole peke yake, bali na ulimi pia.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam huenda asiuone uhusiano huo mara moja, kwa kuwa ganzi anayoijua zaidi ni ya mguu uliokaliwa, au ya meno baada ya kula embe bichi. Mkazi wa Njombe au Makete hahitaji maelezo. Alfajiri ya mwezi wa Julai vidole hukataa kukunjika, kifungo cha shati hakipiti tunduni, ufunguo huchezacheza pembeni mwa kitasa, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema kuwa aliyeushika ni mzembe. Kutoka hapo maana ya neno ilisogea hatua moja tu: kutoka kwa mtu ambaye mikono yake imekufa ganzi kweli, hadi kwa yule ambaye mikono yake hufanya kazi kana kwamba imekufa ganzi, hata jua likiwa la utosi.

Maana hizo mbili ziliishi pamoja kwa muda. Mtunzi wa tamthilia John Marston, katika dibaji ya Antonio's Revenge, iliyochezwa kwanza na kuchapishwa baadaye mwaka 1602, aliyaita majira ya baridi yenyewe "clumzie". Msomaji wa leo aliyezoea maana ya sasa hushangaa majira yanawezaje kuangusha vikombe; Marston alikuwa na maana ya baridi inayofisha viungo ganzi. Mwenzake Ben Jonson hakupendezwa na msamiati wake. Katika tamthilia ya Poetaster, iliyochezwa mwaka 1601, alimchora mshairi anayefanana na Marston, akamnywesha dawa ya kutapisha jukwaani, na mshairi huyo akawa anayatapika maneno yake ya ajabu moja baada ya jingine, "clumsie" likiwamo. (Kejeli haina nguvu kubwa juu ya lugha. "Glibbery", lililotapikwa siku hiyo hiyo, halijulikani tena, ilhali "clumsy" na "strenuous" yanatumiwa kila siku na watu ambao hawana habari kwamba yaliwahi kuchekwa.)

Nirudi kwenye Kiswahili chako. "-zito" ndilo lililo karibu zaidi kati ya matatu uliyoyapata, na huenda ukavutiwa kuandika "mwenye mikono mizito", lakini hapo pana mtego. Misemo yetu ya mkono kwa kawaida huzungumzia tabia, si ustadi: mwenye mkono wa birika ni bahili, mwenye mkono mrefu ni mwizi, mwenye mkono wazi ni mkarimu. Ukimpa mhusika mkono mzito bila maelezo, yuko msomaji atakayeelewa kuwa binti huyo ni mgumu wa kutoa, na wema uliomsifia nao katika sentensi hiyo hiyo utaingia shaka.

Ushauri wangu ni kuacha kutafuta sifa ya neno moja na kutumia kitenzi, kwa sababu Kiswahili kina njia yake ya kueleza tendo linalojirudia pasipo kukusudiwa, nayo ni kukariri shina: kuangushaangusha, kujikwaajikwaa, kugongagonga. "Alikuwa msichana mwenye moyo mwema, ila wa kuangushaangusha vitu" ni sentensi inayosomeka, haimtuhumu mtu, na mtoto wa miaka saba anaielewa. Ukitaka iliyo tulivu zaidi, andika "Alikuwa msichana mwema, ila vitu havikutulia mikononi mwake." Mimi ningechagua hii ya pili kwa utambulisho, na ile ya kwanza ningeiweka baadaye, pale anapoonekana akivunja kitu.

Sisemi kwamba "mzembe" lifutwe katika hadithi nzima. Ikiwa ndani yake yupo shangazi anayemfokea binti huyo kwa neno hilo hilo la Kiingereza, basi lawama ndiyo aliyoikusudia, na "Mzembe wee!" ni kauli halali kinywani mwake. Hata "Mikono yako imekufa ganzi?" ingefaa, tena huo ni ukali ambao mtoto wa Kiswahili ameshausikia jikoni. Tofauti ni nani anayesema: shangazi ana haki ya kukosea kuhusu tabia ya mtoto, msimulizi hana.

Kwa kuwa "clumsy" halitumiki kwa watu peke yao, utakutana nalo pia likieleza vitu na maneno, na huko lisikuburute kwenye uzembe wala uzito bila kupima. Sanduku linaloitwa hivyo ni sanduku lisiloshikika vizuri, hata kama ni jepesi. Sentensi ya namna hiyo ni iliyokwamakwama. Mtu anapoomba radhi kwa njia hiyo, maneno yake hayakukaa sawa ingawa nia ilikuwepo, na hapo ukiandika "aliomba radhi kizembe" utakuwa umemgeuza mtu mwenye haya kuwa mtu mwenye dharau.