Moyo ukisema hama: majibu kwa wasomaji kuhusu mvua, hofu na akiba

Barua za safari hii zimetoka mabondeni, mashambani na hata Kagera, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: niifuate hofu yangu au niipuuze?

Shikamooni. Nimepanga Kigogo, karibu na bonde la Msimbazi. Mwaka huu moyo unakataa kabisa masika yanikute hapa. Mume wangu anasema ni woga tu, kwani miaka miwili maji hayajaingia ndani. Nani yuko sahihi?

Marahaba, dada. Anza kwa kuuliza moyo wako umeona nini. Hisia inayostahili kusikilizwa huwa na kitu nyuma yake, hata kama hujakitaja: mtaro wa jirani umejaa kifusi, ukingo wa mto umemeguka na kusogea nyumba yenu, au kuna alama ya tope la zamani ukutani iliyopakwa chokaa juu juu. Zunguka mchana ukague. Ukikuta hata kimoja, hiyo ni taarifa, na mumeo anapaswa kuiona kwa macho yake.

Mvuvi wa Mafia akisema upepo umegeuka, anasema kwa sababu ameuona ukigeuka mara nyingi na kila mara bahari ikamwonyesha kama alipatia au alikosea. Msimbazi haukupi nafasi hiyo ya kujifunza. Mto unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo mvua yaweza kunyesha huko usiku kucha, Kigogo kukiwa kukavu, na maji yakawafikia alfajiri. Ndiyo maana miaka miwili ya usalama haimpi mumeo ushahidi, na moyo wako peke yake haukupi wewe ratiba.

Chagueni kipimo sasa, jua likiwaka. Pakeni rangi kwenye nguzo au mti unaoonekana kutoka mlangoni, mahali ambapo maji yakifika bado mnaweza kutoka kwa miguu mikavu. Alama ikiguswa, mnaondoka bila mjadala. Ongezeni kipimo cha pili kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa: ikitoa angalizo (njano) kwa Dar es Salaam, begi lipangwe; ikitoa tahadhari (rangi ya chungwa), watoto wakalale kwa ndugu anayeishi mwinukoni; ikitoa tahadhari kubwa (nyekundu), nyumba nzima iondoke. Kubalianeni pia mnakwenda kwa nani, nani anambeba mtoto mdogo na ufunguo anabaki nao nani. Saa nane usiku, maji yakiwa mlangoni, watu huanza kuinua makochi na friji, na dakika za kutokea zinaishia hapo.

Tuko watano na kipato chetu ni cha siku. Akiba ya chini kabisa ni ipi?

Maji kwanza. Weka lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Kwa watu watano na siku tatu ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20 yenye vifuniko vinavyobana. Ndoo ya wazi haifai: mikono ya watoto inaingia na mbu wanataga. Tumieni dumu moja kila wiki na kulijaza upya, ili maji yasikae mpaka yakanuka.

Nunueni pakiti ya vidonge vya kutibu maji na kufuata kipimo cha kwenye pakiti. Baada ya kuweka, subirini dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kwa sababu uchafu unaimaliza dawa kabla haijaua vijidudu. Kama hakuna vidonge, yachemsheni mpaka yatokote kabisa.

Chakula cha wiki mbili ni gramu 400 za unga au mchele kwa mtu kwa siku, jumla kilo 28. Ongezeni maharage kilo 4 na kidogo, mafuta lita 2 na pakiti ya chumvi. Hakuna haja ya kununua kwa mkupuo. Kila mnaponunua kilo mbili, robo kilo iingie kwenye ndoo yenye kifuniko, na cha zamani kiliwe kwanza. Wengi husahau kuni na mkaa: vikilowa, maharage hayapikiki. Kwa siku mbili za mwanzo wekeni vitu visivyohitaji moto, kama karanga, tende, biskuti na kashata. Na tafadhali sana, jiko la mkaa lisiingizwe chumba kilichofungwa hata kama kuna baridi na mvua. Gesi inayotoka haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Mtu akiharisha, changanyeni lita 1 ya maji safi na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote bapa. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa kwa mtoto. Anywe kidogo kidogo huku mkielekea kituo cha afya.

Niko Kibaigwa. Niliogopa njaa nikaweka magunia sita ya mahindi. Baada ya miezi minne mengine yamekuwa vumbi, mengine yana ukungu. Hofu imenitia hasara?

Hofu yako ilikuwa na msingi, kaka. Tatizo ni unyevu na hewa. Vumbi hilo ni kazi ya dumuzi, mdudu anayetoboa punje, ambaye wakulima wengine humwita Skania, na ukungu unaonyesha mahindi yaliingia ghalani kabla hayajakauka.

Msimu ujao pima kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, jaza mahindi mpaka theluthi moja, weka vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani, funga, tikisa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, urudi kuanika. Isipoganda, usishangilie bado, kwa sababu mfuko usiopitisha hewa unataka asilimia 13 hivi. Anika tena siku moja au mbili juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu.

Mfuko huo una plastiki mbili ndani na kiroba nje. Jaza, kandamiza hewa itoke, sokota shingo ya plastiki ya ndani na uifunge kwa kamba, kisha ya pili, kisha kiroba, kila moja peke yake. Wadudu waliomo humaliza hewa wakafa. Ukifungua kila wiki kuchota ugali, unawaletea hewa mpya. Basi weka gunia moja la kula na mengine usiyaguse. Yapange juu ya chaga, mbali na ukuta, na uwadhibiti panya, maana tundu moja linaharibu kazi yote.

Yale yenye ukungu usiyachambue ukasaga, wala usiwape kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

WhatsApp kuna sauti inasema tetemeko kubwa litapiga Bukoba Jumamosi. Tulale nje?

Hapana. Hakuna taasisi duniani inayoweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Lile la 10 Septemba 2016, la kipimo cha 5.9, lilikuja alasiri bila kubisha hodi. Futa sauti hiyo, kisha tumia wasiwasi ilioleta kufunga kabati ukutani, kusogeza kitanda mbali na dirisha na kumwita fundi akague nyufa.

Maji yakishaingia ndani usiku, nianze na nini?

Watu watoke. Swichi kuu izimwe ikiwa tu unaifikia ukiwa umesimama pakavu. Maji yakishafika kwenye soketi, usiiguse. Funga vali ya mtungi wa gesi kama iko njiani. Usivuke maji yanayokimbia: yakipita kidogo tu kifundo cha mguu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba gari. Chini yake huoni mtaro wala karo lililofunguka. Zimamoto ni 114. Begi liwe na vitambulisho, vyeti na dawa za kila siku ndani ya plastiki, tochi, na noti ndogo za kutosha siku tatu, kwa kuwa mtandao ukikatika pesa za simu hazitoki.

Mwanangu wa miaka saba analia kila mawingu yakitanda.

Mpe kazi. Tochi iwe yake, aijaribu kila Jumamosi. Tembeeni mchana njia mtakayotumia, aitaje mwenyewe. Zima video za maafa akiwa karibu, na usimwambie mvua haitakuja. Mwambie mtafanya nini ikija. Kama halali au anakataa shule kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke kituo cha afya. Hilo ni kwa watu wazima pia.