Kabla ya Kumeza Vidonge vya Fangasi wa Kucha

Fangasi wa kucha hukera zaidi ya wanavyoumiza, na labda ndiyo sababu watu wengi humwonyesha muuzaji wa duka la dawa kidole cha mguu na kuondoka na vidonge papo hapo. Kucha zangu za vidole gumba zilipoharibika, daktari wa ngozi hakuniandikia chochote mpaka maabara ilipokwangua ukucha na kuutazama kwa darubini. Namshauri kila mtu aombe kipimo hicho, kwa kuwa kucha hunenepa na kugeuka manjano hata kwa soriasisi (ugonjwa wa ngozi) au kwa kubanwa na viatu, na hapo dawa ya fangasi haitibu kitu.

Niliandikiwa terbinafini ya miligramu 250, kidonge kimoja kwa siku, ambayo kwa kawaida hutumika wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu. Kwanza nilipimwa damu ili kujua hali ya ini, maana mwenye ugonjwa wa ini hapaswi kuitumia. Niliagizwa pia kwamba nikiona mkojo mweusi, macho ya manjano, kichefuchefu kisichokoma au uchovu usioelezeka, niache dawa na kurudi hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki. Chakula kikipoteza ladha, daktari aambiwe vilevile, maana huenda ni dawa, si mafua.

Jambo linalopuuzwa mno, kwa maoni yangu, ni dawa nyingine ambazo mgonjwa tayari anazitumia. Flukonazoli, ambayo wengi huiona nyepesi kwa kuwa fangasi wa ukeni mara nyingi hutibiwa kwa dozi moja ya miligramu 150, huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi mtu akavuja damu, na huweza kushusha sukari kupita kiasi kwa mgonjwa wa kisukari anayemeza glibenklamidi. Rifampisini ya kifua kikuu, kinyume chake, huipunguza nguvu flukonazoli yenyewe. Itrakonazoli, dawa nyingine ya fangasi, haimfai mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri. Griseofulvini, inayotumika sana kwa mapunye ya watoto, humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, lakini mjamzito asiiguse, na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue kwamba huvidhoofisha. Ukipewa ketokonazoli ya kumeza, uliza kama hakuna nyingine: mwaka 2013 Ulaya ilipendekeza iondolewe sokoni kwa fangasi, na Marekani ikaibana, kwa sababu ya madhara yake kwa ini.

Dozi ikiisha, ukucha bado utaonekana mbaya. Sehemu iliyoharibika haiponi, bali husukumwa na ukucha mpya unaoota kutoka shinani, na wa mguuni huweza kuchukua miezi 12 hadi 18. Usinunue vidonge vya nyongeza kwa sababu hiyo. Rudi kwa daktari ikiwa hata kinachoota shinani kimebadilika rangi.