Kiongozi amekukataza kwenda kumaliza matanga ya baba: umtii nani?

Bwana Yesu asifiwe, ndugu mleta mada, na pole sana kwa msiba wa baba. Umeeleza kwamba umeokoka ukiwa hapa Dar es Salaam, umepanga chumba Mbagala, na kikundi cha uanafunzi unachosali nacho ndicho kilichokulea kiimani. Sasa ukoo unakuita Songea kumaliza matanga, ambako kutakuwa pia na tambiko, na kiongozi wako amekukataza kwenda. Anasema ndugu zako halisi ni wale wafanyao mapenzi ya Mungu, kwamba nauli hiyo ni afadhali uitoe kwenye mchango wa kiwanja cha kanisa, na kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Tabata, na kwa miaka mingi nimesimamia ibada za nyumba kwa nyumba. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona huko, lakini nianze na Maandiko, kwa kuwa ndiyo aliyoyashika kiongozi wako.

Maneno ya Yesu katika Marko 3 ni mazito, nami sitaki kuyapunguza makali. Jamaa zake walitoka kwenda kumkamata wakidhani amerukwa na akili, kisha mama yake na ndugu zake wakasimama nje na kutuma watu wamwite, naye akawatazama waliokaa wakimzunguka akasema kwamba yeyote afanyaye mapenzi ya Mungu, huyo ndiye ndugu yake, dada yake na mama yake. Kwa hiyo ni kweli kwamba damu haina kauli ya mwisho juu ya mfuasi wa Yesu. Lakini angalia kipimo alichokiweka: ni mapenzi ya Mungu, wala si mapenzi ya kikundi. Tena katika orodha ile hakumtaja baba. Ndivyo ilivyo hata katika Marko 10, ambako aliyeacha nyumba, ndugu, mama na baba kwa ajili ya Injili anaahidiwa nyumba, ndugu wa kike na wa kiume, mama, watoto na mashamba, pamoja na udhia, ila baba hatajwi tena miongoni mwa anavyorudishiwa. Mimi nalisoma hilo hivi: nafasi ya Baba katika nyumba hiyo ina mwenyewe. Kiongozi wako, kwa heshima zote anazostahili, ni kaka yako tu humo ndani.

Sasa uliza mapenzi hayo ya Mungu yanasema nini kuhusu wazazi. Katika Marko 7 Yesu anawakemea watu waliokuwa wakitangaza kwamba mali ambayo ingemsaidia baba au mama ni Korbani, yaani imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, na kwa njia hiyo wakaitangua amri ya kuwaheshimu wazazi kwa kisingizio cha sadaka. Ukiisoma sura hiyo huku ukikumbuka nauli yako na mchango wa kiwanja, sidhani kama utahitaji mtu wa kukufafanulia. Paulo naye anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Na Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, na Yohana anasema kwamba tangu saa ile mwanafunzi huyo alimchukua nyumbani kwake. Familia ya kiroho ilipoanza kazi pale msalabani, ilianza kwa kumpokea mama wa mtu. Ndugu zake Yesu, ambao Yohana 7 inasema hawakumwamini, tunawakuta baadaye pamoja na mama yao wakidumu katika kusali na mitume, katika Matendo 1.

Kuhusu kutii na dhabihu, hapo nakuomba usome 1 Samweli 15 yote, usiishie kwenye mstari mmoja. Aliyeambiwa maneno yale alikuwa Sauli, mfalme, kiongozi wa watu, aliyemwacha hai Agagi, mfalme wa Waamaleki ambao Mungu aliagiza waangamizwe, pamoja na mifugo iliyonona, kisha akajitetea kwamba mifugo hiyo ni ya kumtolea Bwana. Sura hiyo inamhoji mwenye madaraka anayejificha nyuma ya ibada, kwa hiyo inashangaza kuona wenye madaraka wanavyoipenda.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya. Katika jumuiya yetu, yaani kikundi chetu cha ibada hizo za nyumba kwa nyumba, alikuwapo fundi cherehani, mtu wa Kigoma, asiye na ndugu hapa mjini, ambaye ukoo ulimnunia tangu alipookoka. Alipofariki, jumuiya ndiyo iliyosimama: akina mama wakakesha wakimenya vitunguu na kuchagua mchele kwenye masinia, vijana wakafuata viti vya kukodi, na mwenye nyumba, ambaye ni Mwislamu, akatoa turubai bila kuombwa. Baba yake mkubwa alifika na basi akiwa amekunja uso. Akakaa karibu na meza ya michango, akalivuta daftari, akaanza kuyasoma majina kwa kidole, mstari kwa mstari: ya Kihaya, ya Kinyakyusa, ya Kizaramo, ya Kichaga. Mwishoni akamuuliza mweka hazina, “Hawa wote marehemu alikuwa nani wao?” Akajibiwa kwamba ni ndugu yao. Mzee hakuokoka siku ile, nisikudanganye, ila tulipokaa kupanga mazishi alisema kwamba hapangi kitu mpaka hao ndugu wengine nao wawepo. (Wazee wetu waliotoka Bukoba walikuwa wakituambia kwamba ndivyo ilivyokuwa katika ule Uamsho, wimbi la watu kuokoka lililoanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, watu wa makabila mbalimbali wakaitana ndugu na kulala nyumba moja.) Jumuiya haikumnyang’anya ukoo mtoto wao. Iliwapokea na wao.

Tambiko ni jambo lingine, na hapo nakubaliana na kiongozi wako kwamba usishiriki. Ila kutoshiriki tambiko hakukulazimishi kukosa matanga ya baba yako. Paulo katika 1 Wakorintho 10 anamruhusu mwamini aalikwe, aende, ale kinachowekwa mbele yake. Akiambiwa wazi kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka, basi asile. Binti mmoja wa jumuiya yetu alifanya hivyo kwao. Hakungoja kubishana mbele ya wazee kibuyu kikiwa tayari mkononi mwa mtu; aliwaendea baba zake wadogo jioni ya kuamkia siku yenyewe, akapiga magoti kama alivyolelewa, akawaambia kwamba pombe ya kumwaga hataishika, lakini mchele wa wageni ameununua yeye na kuni atazibeba yeye. Walikasirika. Mmoja alikaa muda mrefu bila kuitikia salamu yake, na hilo lilimuumiza sana. Utii kwa Mungu una gharama ya namna hiyo, nayo uwe tayari kuilipa, lakini uilipe mahali inapodaiwa, si kwa kumwacha mama yako akae eda peke yake.

Kwa hiyo nenda Songea. Kabla ya kuondoka mfuate kiongozi wako ana kwa ana, usimjibu kwenye kundi la simu, na umwonyeshe Marko 7 kwa adabu. Kama ni mchungaji wa kweli, atakuombea na pengine atakutafutia mwenzako mmoja wa kikundi akusindikize, jambo ambalo ningelipenda sana, maana ukoo wako ungeiona familia hiyo inayosemwa. Akikutishia laana kwa sababu ya kwenda kumlilia baba, tafuta kanisa lingine bila kugombana na mtu. Mahali ambapo mtu mzima huomba ruhusa ili akamwone mama yake, mimi napatilia shaka. Mabasi ya Songea yanaondoka mapema pale Kituo cha Magufuli, Mbezi, na kutoka Mbagala ni mbali, kwa hiyo kata tiketi kabla na siku hiyo utoke alfajiri. Baba mdogo mpigie simu leo, umweleze mapema habari ya tambiko.