Kwa mnaoanza kuongoza kundi la stadi za kuishi na watu kwa wenye skizofrenia (ugonjwa wa akili)

Acheni mahubiri. Mshiriki kwa kawaida anajua fika kwamba watu husalimiana na kuomba kwa adabu. Kinachomshinda ni kulitenda jambo hilo pale dukani, akili ikitawanyika, pengine na sauti anazozisikia yeye peke yake zikimzonga. Maneno yawe machache, mazoezi mengi.

Watu 6 hadi 8 wanatosha, na waongozaji 2: mmoja anaendesha, mwenzake anaigiza na kumwangalia anayechoka. Dakika 45 hadi 60. Kila kipindi stadi moja, na hakuna aibu kuirudia wiki tatu.

Tuseme ni kuomba. Andikeni hatua ubaoni: mwelekee mtu, taja hasa unachotaka, eleza kitakusaidiaje. Miongozo ya Marekani husisitiza kumtazama mtu machoni. Huku kwetu, kijana akimkazia macho mzee ataonekana hana adabu, kwa hiyo fundisheni kumwelekezea uso, na shikamoo itangulie.

Waongozaji waigize kwanza, kisha waulize kundi limeona hatua zipi. Ndipo mshiriki aigize jambo lake mwenyewe, dakika moja au mbili tu: "Konda, nilikupa elfu mbili, naomba chenji yangu." Akimaliza, sifa kwanza, tena zenye kitu ndani yake. "Sauti imesikika mpaka nyuma" inamfaa kuliko "vizuri sana". Mwenzake akianza kumkosoa, mkatisheni kwa upole. Baada ya sifa toeni rekebisho moja, si matatu, kisha aigize tena palepale. Igizo hili la pili ndilo waongozaji wapya huliruka muda ukibana, na ndilo lenye faida. Afadhali siku hiyo waigize watu wanne tu.

Uso mkavu msiuite kiburi. Huenda ni ugonjwa, huenda ni dawa; haloperidol, kwa mfano, inaweza kukakamaza misuli. Msimlazimishe kutabasamu. Mjulisheni mwuguzi, na stadi ileile ya kuomba ifanyiwe mazoezi kwa ajili ya kliniki: "Dokta, tangu nianze dawa hii mwili unakakamaa, naomba tuiangalie upya." Anayesumbuliwa na sauti msibishane naye juu ya sauti hizo, akae karibu na mlango, atoke akihitaji, arudi.

Kazi ya nyumbani itaje nani, wapi na lini. "Jaribu kuomba wiki hii" haifanyiki. "Kesho saa nne asubuhi, duka la jirani, uombe robo kilo ya sukari" inafanyika. Kwa ridhaa yake, ongeeni pia na ndugu anayeishi naye, maana ndugu mwenye huruma humjibia kila swali na mazoezi yote yakapotea. Kipindi kinachofuata kianze na kazi hiyo. Kama hakuifanya, msimgombeze. Ulizeni alikwamia wapi, halafu aigize hapohapo sehemu iliyomkwamisha.