Muulize Mama Fundi: Kuhama bila kuacha barua nyuma

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni ofisa utawala wa shirika dogo la maji vijijini hapa Singida. Tuko wafanyakazi 17, sita kati yetu wako Manyoni. Barua pepe zetu zinakaa tangu 2013 kwa jamaa waliotutengenezea tovuti. Tuna GB 10 kwa ofisi nzima, na kila wiki kuna sanduku limejaa. Mfadhili akituandikia, barua inamrudia. Mkurugenzi anataka ikifika tarehe 1 Julai tuwe tumehamia kampuni nyingine. Kijana wetu wa kompyuta anasema ni kazi ya jioni moja: "Nabadilisha MX, kesho mnaendelea." Mhasibu amegoma. Anasema hakuna mtu kugusa kompyuta yake mpaka apewe kwa maandishi kwamba barua zake tangu 2015 hazitapotea. Nimekaa katikati yao kama mwamuzi asiye na filimbi. Nimsikilize nani?
Ofisa wa Katikati, Singida

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikilize mhasibu.

Kijana hajadanganya. Kubadilisha MX, yaani ile rekodi inayoiambia dunia barua za shirika lenu zipelekwe seva gani, ni dakika tano kweli. Na ndoa nayo sheikh anaifunga kwa dakika chache. Lakini pilau kapika nani, viti kaazima nani, na bibi harusi kafuatwa na gari gani?

Tupige hesabu pamoja. GB 10 kwa watu 17 ni kama MB 600 kwa kila mtu. Mhasibu anayepokea ankara zilizoskaniwa na taarifa za benki tangu 2015 hawezi kuwa na barua zake zote ndani ya MB 600. Kama anaziona zote kila asubuhi, basi haziko kwenye seva. Ziko ndani ya kompyuta yake, kwenye faili moja kubwa la Outlook, ile programu ya kusomea barua, linaloishia na herufi pst, na nakala ya pili haipo popote duniani. Naweka dau la madafu matatu kwamba akaunti yake iliungwa kwa POP. Mtindo huo huchota barua kutoka kwenye seva na kuzifuta kule, au huziacha siku 14 ndipo huzifuta. IMAP ni tofauti: barua zinabaki kwenye seva, na kompyuta inaonyesha tu kilichoko kule.

Kuhakiki ni rahisi. Mwombe mhasibu afungue sanduku lake kwa kivinjari, si kwa Outlook, kisha aitafute barua ya zamani kuliko zote. Akikuta inaanzia wiki mbili zilizopita, umeshajua. Kijana angehamisha kila kilichoko kwenye seva, angeona "imekamilika 100%", na angekuwa amehamisha wiki mbili. Halafu siku moja ile kompyuta ingekufa, nayo miaka yote ingezikwa humo.

Kwa hiyo, kabla ya neno MX kutajwa tena ofisini kwenu, pita kwenye kompyuta zote 17 na daftari. Andika nani ana POP, nani ana IMAP, na faili lake lina ukubwa gani. Walio na POP, funga Outlook kwanza, kisha nakili faili la pst kwenye diski ya nje. Ukinakili huku Outlook iko wazi, aidha itakukatalia au utapata faili bovu. Baadaye, akaunti mpya ikishakuwepo, iunge kwa IMAP pembeni ya ile ya zamani ndani ya Outlook hiyohiyo, unakili barua folda kwa folda, mwaka kwa mwaka. Nakili, usihamishe. Mhasibu akae pale pale aone barua za 2015 zikitokea upande wa pili. Hayo ndiyo maandishi anayoyataka.

Sasa swali ambalo hukuniuliza, nami ndilo ninaloliogopa zaidi: kikoa chenu, lile jina linalofuata baada ya alama ya @, kimesajiliwa kwa nani? Usinijibu "ni chetu". Kama kinaishia na .or.tz, kiko chini ya wasimamizi wa vikoa vya .tz, na wana huduma ya whois inayoonyesha kimesajiliwa kwa nani na kinaisha lini. Waliowatengenezea tovuti mwaka 2013 huenda walikisajili kwa jina lao ili kuwarahisishia. Nimekuta hilo mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mkigombana nao leo, kesho hata kubadilisha rekodi moja ni kwa hisani yao. Anza na hilo wakati bado mnasalimiana. Na anwani ya mawasiliano iliyoandikwa kule kwa msajili isiwe ya kikoa hichohicho, maana siku kikifungwa, barua ya kukukumbusha ulipie itaelekezwa kwenye sanduku ambalo halifunguki.

Tarehe 1 Julai ikatae. Mwambie mkurugenzi kwa heshima kwamba wiki hiyo mwaka wa fedha unafungwa na mwingine unafunguliwa, wafadhili wanataka ripoti, na tarehe 7 PAYE inatakiwa. Chagua katikati ya mwezi, Ijumaa baada ya saa 10 jioni, ili mpate Jumamosi na Jumapili za kurekebisha yatakayoharibika. Yapo yatakayoharibika.

Mpangilio ninaoutumia ni huu. Kwanza fungua masanduku yote 17 upande mpya, pamoja na zile anwani zisizo za mtu: info, ajira, zabuni, na ile ya yule aliyestaafu ambayo barua zake zinaelekezwa kwa mwingine. Hili usilipuuze. Seva mpya ikiwa imezimika kidogo si msiba, kwa sababu seva inayotuma huendelea kujaribu. Kanuni zinashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Lakini seva mpya ikiwa hai na sanduku halipo, inajibu papo hapo "hapa hakuna mtu huyo", na barua inamrudia mwenyewe. Yaani mlango uliofungwa ni afadhali kuliko mlinzi mgeni asiyewajua wenye nyumba.

Pili, anza kunakili barua za zamani huku watu wakiendelea kufanya kazi. Nakala ya seva kwa seva haipiti kwenye laini ya ofisi yenu, kwa hiyo iache hata siku tatu. Kalenda na namba za watu hazisafiri na IMAP. Hizo zitolewe peke yake. Angalia pia folda za barua zilizotumwa: upande mmoja zinaitwa hivi, upande wa pili vile, mtu anajikuta na folda mbili na anapiga kelele kwamba barua zake zimepotea, kumbe ziko kwenye ile asiyoifungua.

Tatu, angalau siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo, punguza TTL ya rekodi ya MX. TTL ni muda, kwa sekunde, ambao seva za watu wengine zinaruhusiwa kukumbuka anwani yenu bila kuuliza upya. Ikiwa 86400, ni saa 24. Iteremshe iwe 300, dakika tano. Ukiiteremsha Ijumaa yenyewe hujafanya kitu, kwa sababu waliouliza Alhamisi usiku wanaruhusiwa kuamini jibu la zamani mpaka Ijumaa usiku.

Ndipo kijana afanye zile dakika zake tano. Na akibadilisha, afute rekodi ya zamani kabisa, asiiache chini "kama akiba". Barua chache zitapitia huko, na hizo ndizo zitakazotafutwa. Baada ya hapo nakili tena zile zilizoingia upande wa zamani katikati ya safari.

Hapa naomba nikusimulie aibu yangu. Niliwahi kuhamisha ofisi moja Tanga, kazi safi, nikala biriani yao nikaenda nyumbani. Tovuti yao tuliiacha kwenye seva ya zamani, kama ninyi mtakavyofanya. Kwenye tovuti kulikuwa na fomu ya "wasiliana nasi", na walikuwa wametangaza nafasi ya dereva. Siku 22 hakuna maombi hata moja. Tanga nzima hakuna dereva? Nikafungua lile sanduku la zamani, nikakuta maombi 60 na ushei. Ile seva ilikuwa bado inaamini kwamba barua za kikoa kile ni zake, kwa hiyo barua yoyote iliyozaliwa ndani yake haikutoka nje kuuliza MX. Ilijipeleka chumba cha pili. Na si fomu peke yake: mteja mwingine yeyote wa kampuni ile aliye kwenye seva hiyohiyo akiwaandikia, barua inaishia mlemle. Dawa yake ni mpangilio mmoja kule kwenye seva ya zamani, wa kuiambia kwamba barua za kikoa hiki sasa zinapokelewa nje. Kwenye cPanel, ile paneli ya kuendeshea seva za tovuti, uko kwenye ukurasa wa kuelekeza barua. Mimi siku hizi nauandika kwa kalamu nyekundu.

Jumatatu asubuhi itakuwa na mambo yake. Kompyuta zote zitaanza kuchota barua upya kwa pamoja. Kama jumla ni GB 40 na laini yenu ni Mbps 10, hiyo ni karibu saa 9 za laini kujaa, hakuna mtu mwingine kufungua hata tovuti ya TRA. Anza na kompyuta nne Jumamosi, nne Jumapili. Wale sita wa Manyoni wanaotumia bando, simu zao zichote barua za siku 30 zilizopita tu, la sivyo utasikia matusi kwa lafudhi zote za Kanda ya Kati. Ile mashine ya kunakili inayotuma skani kwa barua pepe nayo ina nenosiri la akaunti ya zamani ndani yake. Itanyamaza tu, na watu watakuja kukuambia printa imeharibika.

Maneno siri ya watu 17 yasikusanywe kwenye kundi la WhatsApp. Najua kijana amependekeza hivyo.

Malipo ya kampuni ya zamani yaendelee kwa miezi miwili hivi. Na kabla ya kuwaaga, hakikisha rekodi zenyewe za kikoa hazitunzwi kwao. Zikiwa kwao nanyi mkafunga akaunti, barua na tovuti vinazima pamoja, hata huko mlikohamia.

SWALI: Assalaam aleikum Mama. Sisi tuna nyumba ya wageni Jambiani. Tulihama mwezi uliopita na barua zinaingia vizuri, shida ni zinazotoka. Wageni wanasema majibu yetu wanayakuta kwenye taka, wengine hawayaoni kabisa. Kampuni mpya inasema kwao kila kitu kizima.
Mwenye Nyumba, Jambiani

JIBU: Waalaikumu salamu. Kwao ni kizima, kwako ndiko kumebaki kiporo. Kwenye rekodi za kikoa chako kuna mstari unaoanza na v=spf1. Huo ndio unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lako. Nahisi bado unaitaja seva ya zamani, au mtu ameongeza mstari wa pili wa kampuni mpya na kuuacha wa kwanza. Miwili ni kosa: anayepokea akiona SPF mbili haamini hata moja. Unganisha iwe mmoja. Kisha iombe kampuni mpya ufunguo wa DKIM, yaani muhuri unaothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, uweke, na mwisho weka DMARC, ule mstari unaowaambia wanaopokea wafanye nini na barua isiyothibitika, hata ile ya kuangalia tu isiyozuia kitu. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekuwa wakali kwa hili, na wageni wako wengi wako huko. Ukimaliza, jitumie barua kwenye Gmail yako, fungua maelezo yake ya asili, utafute spf=pass na dkim=pass. Usiridhike na moja.

SWALI: Mama Fundi, SACCOS yetu haina kikoa. Tunatumia Gmail moja, viongozi watano wanaijua paswadi. Tuna haja gani ya kuhamia popote?
Mjumbe, Morogoro

JIBU: Haja utaijua siku mkitaka kumjua nani kati ya watano alimjibu mwanachama vile. Ila hata kabla ya kuwaza kikoa, fungua mipangilio ya akaunti hiyo uangalie namba ya simu ya kuirejesha. Kama ni ya yule katibu aliyeondoka, mpigie leo. Muulize kwanza hali ya watoto.