Mbwa Akikugusa, Inuka

Usiku nikivua vifaa vya kusikia, hata mlango ukigongwa sijui. Kwa miaka mingi nililala usingizi wa mang'amung'amu, nikiamka mara tatu nne kumtazama mtoto kama analia. Tangu nipate mbwa wa kunisaidia kusikia, nalala fofofo. Wengi mnaniuliza kama na nyinyi mtafute, basi nawaambia niliyoyaona.

Sauti ikitokea, mbwa huja mbio, akanigusa goti kwa mguu wa mbele, akanikazia macho. Namuuliza kwa ishara ya mkono, "Wapi?" Hugeuka akatangulia, nami nyuma yake, hadi mlangoni, au kwenye saa ya jikoni ya kupimia muda wa kupika, au kwenye kitanda cha mtoto. King'ora cha moshi kina jibu lake: nikimuuliza, analala kifudifudi pale pale. Amefunzwa hivyo ili asije akaniongoza kwenye moto. Siku ya kwanza kumwona akilala vile nilitetemeka, ingawa lilikuwa zoezi tu. Watu wa nyumbani nao humtuma aje kuniita, na makelele ya kuitana toka chumba hadi chumba yamekwisha.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mbwa hajui kwamba kengele maana yake ni mgeni. Anachojua ni kwamba sauti ile ikilia, akinigusa, atapata kitu kitamu na kusifiwa. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikirudi nimechoka, ananigusa, namfukuza kwa mkono kwa kuwa najua ni saa ya jikoni tu. Haikupita muda, saa ikalia, akainua kichwa, akanitazama, akarudisha kidevu sakafuni. Hakuwa mkaidi. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kunigusa hakuna faida. Kumrudisha kulinichukua wiki kadhaa, na vipande vya nyama mfukoni kila siku. Kwa hiyo akikugusa, inuka, hata kama unajua ni nini. Na sauti zisizolia mara kwa mara, hasa king'ora cha moshi, zifanyieni mazoezi kwa ratiba, la sivyo atazisahau.

Nje ya nyumba kuna faida ambayo sikuitarajia. Uziwi hauonekani, mtu akikusemesha kwa nyuma usipojibu, anadhani una kiburi. Watu wakiona kizibao anachovaa mbwa cha kumtambulisha, wanakuja mbele yangu na kunitazama wakiongea. Nami huyaangalia masikio yake: yakigeuka nyuma ghafla, nageuka.

Katika kuchagua, msihangaike na ukubwa. Hearing Dogs for Deaf People, shirika la Uingereza lililoanza mwaka 1982, hufunza mbwa wakubwa wa aina ya Labrador na wadogo wa aina ya poodle pia. Tafuteni mbwa anayependa watu, anayekimbilia sauti ngeni badala ya kuikimbia. Mwenye mazoea ya kubweka hafai, kwani kubweka kwake kutamfaa nini asiyesikia? Na pateni aliyefunzwa na wenye ujuzi, nanyi mkubali kufunzwa pamoja naye.

Kama huna nafasi ya kumtembeza kila siku, usimchukue kwanza. Saa ya kutetema chini ya mto na taa inayowakawaka kengele ikilia zitakufaa zaidi, nazo hazihuzuniki ukizisahau.